Imani Haina Orodha ya Wadaiwa

Kuna jambo limeanza kuzoeleka makanisani, nami nasema wazi kwamba ni kosa: kusoma hadharani majina ya wasiomaliza ahadi zao. Eti bila kusukumwa, watu hawatoi.

Hawatoi? Njoo Njombe wakati wa sadaka ya mavuno. Watu wanaleta mahindi, viazi, parachichi, kuku. Ibada ikiisha, mnada unaanza pale nje. Mtu ananunua jogoo kwa bei ambayo sokoni Makambako wangemcheka, halafu anamrudisha auzwe tena, vigelegele juu. Nani kamsukuma?

Au watazame wanakwaya. Julai baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini jioni wapo mazoezini. Hakuna posho, hakuna nauli, na wanatoka wakicheka.

Walutheri ni wengi Njombe, na jambo hili si geni kwao. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kwamba Mkristo hatendi mema ili akubaliwe na Mungu. Amekwisha kukubaliwa kwa imani, ndiyo maana anatenda bure na kwa furaha. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 9:7, anakataa utoaji wa huzuni na wa kulazimishwa.

Ndiyo, kanisa linahitaji mabati, na mabati hayaji kwa maombi matupu. Lakini ukimwaibisha bibi mjane mbele ya wajukuu wake, utapata elfu kumi yake na kumpoteza yeye. Mlisheni imani kwanza. Mkono utafunguka wenyewe.