Bei ya kijiko ihesabiwe pamoja na kabini

Kijiko cha mtumba cha tani 20 ni kitega uchumi kinachowavutia wafanyabiashara wengi nchini, hasa wale wanaokodisha mitambo kwa wakandarasi wa barabara, machimbo ya kokoto na wachimbaji wa dhahabu. Mnunuzi hukagua injini, pampu ya haidroliki, minyororo na idadi ya saa ambazo mtambo umefanya kazi. Kabini huangaliwa mwisho, na mara nyingi swali ni moja tu: kiyoyozi kinapuliza? Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kijiko hupinduka kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani. Ukingo wa shimo ukibomoka, udongo wa kujaziwa ukititia baada ya mvua, au mnyororo ukiteleza wakati wa kupandishwa kwenye lobedi, mtambo wote hulala. Hatari huongezeka mkono unapogeuzwa ubavuni ukiwa na mzigo, kwa kuwa kijiko husimama imara zaidi kuelekea mbele na nyuma kuliko upande.

Kwa miaka mingi kulikuwa na hoja kwamba mkono na uzito wa nyuma wa kijiko vingezuia kabini isipondwe, na kiwango cha kimataifa cha kukinga mpinduko kilichohusu katapila na mitambo mingine hakikukihusu kijiko. Vijiko vidogo vya tani 1 hadi 6 vilipata kiwango chao cha kukinga mlalo wa ubavu mwaka 1997. Vile vya zaidi ya tani 6 vilisubiri hadi mwaka 2008, kilipotolewa kiwango cha ISO 12117-2. Ni dhahiri basi kwamba mtambo uliotengenezwa kabla ya hapo unaweza kuwa na kabini nzuri ya kuzuia vumbi na mvua, lakini isiyoweza kubeba uzito wa mtambo wenyewe.

Hata hivyo, mwaka wa kutengenezwa peke yake si ushahidi. Mnunuzi atafute ndani ya kabini kibao chenye herufi ROPS, namba ya kiwango na uzito wa mtambo unaokubalika. Aidha, akague nguzo za kabini. Nguzo iliyopinda, kuchomelewa au kutobolewa imepoteza uthibitisho wake, hata kama rangi inang'aa.

Kabini imara bila mkanda ni nusu ya kinga. Kijiko kinapolala, dereva asiyefunga mkanda hujaribu kuruka, na wengi hupondwa na mtambo uleule waliokuwa wakiukimbia. Mkanda mpya ni gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya kijiko. Mwenye mali asiyeunua huo hana haki ya kumlaumu dereva.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kijiko kikikodishwa kwa shilingi 100,000 kwa saa, saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, mapato ni shilingi milioni 20. Kikilala gereji miezi miwili baada ya kupinduka, milioni 40 zimepotea kabla ya kulipa fundi, na marejesho ya mkopo wa benki hayasubiri. Punguzo la milioni 15 lililomvutia mnunuzi kuchukua mtambo wa zamani limekwisha kufutika. Na hapo hatujahesabu uhai wa mtu, ambao hauna bei sokoni.

Wapo wanaojitetea kwamba ipo fidia. Kweli, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kuwalipa wanaoumia kazini. Lakini mfuko huo haulipi kijiko, wala haumwondolei mwajiri wajibu alio nao chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kwa upande wa bima ya mtambo, soma kwanza vipengele vinavyoeleza lini hutalipwa.

Wakandarasi nao wana nafasi yao. Wakianza kuuliza kibao cha kabini kabla ya kusaini mkataba wa kukodi, vijiko visivyo na kinga vitashuka bei vyenyewe. Kwa mwekezaji mdogo ni busara kujiweka tayari sasa: kama fedha haitoshi kununua kijiko chenye kabini ya kuaminika, nunua kidogo zaidi chenye kinga, au subiri.