Msafiri wa Malaba Hana Hatia

Bwana aliyeandika kwamba maradhi ya kutapika na kuharisha yazukayo wodini huku Busia yaletwa na madereva wa malori wapangao foleni mpakani Malaba, na kwamba chupa ya spiriti mlangoni yatosha kuyazuia, ameituhumu barabara akalisahau beseni. Kwani virusi vya noro viletavyo maradhi hayo, vilivyotambuliwa mwaka 1972, haviuawi barabara na spiriti, bali huondolewa mikononi kwa sabuni na maji yatiririkayo, na sakafu iliyotapikiwa haina budi kusafishwa kwa jiki.

Daftari la wodi lisomwe kitanda kwa kitanda, ijulikane nani alitangulia kuugua na nani alimhudumia. Na muuguzi aliyeambukizwa apumzishwe saa 48 baada ya kupona. Wala tusitegemee chanjo ya virusi vya rota, iliyoanza kutolewa nchini Kenya Julai 2014, kwani haikingi noro.

Enyi wakuu wa afya, hakikisheni kwanza mabomba ya wodini yatoa maji.