Wangari Maathai: Kutoka Virungu vya Polisi hadi Kiti cha Uwaziri

Kila tarehe 3 Machi nchi za Umoja wa Afrika huadhimisha Siku ya Mazingira ya Afrika, ambayo tangu mwaka 2012 imepewa pia jina la Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Siku kama hiyo, mwaka 1992, polisi wa Nairobi waliwatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi akina mama waliokuwa wakigoma kula katika Bustani ya Uhuru, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa waachiliwe. Profesa huyo alikuwa miongoni mwao. Alipigwa hata akazirai, akapelekwa hospitali. Januari 2003 mama huyohuyo aliteuliwa kuwa Waziri Msaidizi wa Mazingira, mtu wa kupigiwa saluti.

Wako wanaosema kwamba upepo wa vyama vingi ndio uliompandisha. Jambo hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mwaka 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake, alipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, na kutokana na miti hiyo likaota Vuguvugu la Mkanda wa Kijani, lililowafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche wenyewe. Mwaka 1982 aliacha kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akazuiwa, kwa hoja kwamba hakuwa amejiandikisha kupiga kura. Aliporudi chuoni hakupokewa. Kazi ikapotea, na nyumba ya chuo akatakiwa kuihama.

Watawala walianza kumwogopa hasa mwaka 1989, chama tawala cha KANU kilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Alipinga kwa barua. Wabunge walimdhihaki, lakini wenye fedha wakasitasita na hatimaye mradi ukaachwa.

Ndugu askari, tazameni kwa makini mambo ya Januari 1999. Msitu wa Karura, kaskazini ya Nairobi, ulikuwa ukikatwa viwanja na kugawiwa watu binafsi. Profesa Maathai alikwenda na wenzake kupanda miche, wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Alifika kituo cha polisi akivuja damu kichwani, na kwa damu hiyo akatia sahihi maelezo yake. Polisi hawakurudi naye msituni kuwakamata waliompiga. Mwaka 1992 walikuwa wepesi wa kutumia nguvu. Mara hii, walipohitajika kumlinda raia, walikaa. Nao msitu ulikuwa mali ya umma. Aliyeuvamia hakuwa yule mwenye miche mkononi. Agosti mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Pamoja na hayo, sifa ya ushujaa haikugeuka kura kwa urahisi. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tiketi ya chama kidogo, upinzani ukiwa umegawanyika vipande vipande. Wakati wa uchaguzi vyombo vya habari vilitangaza kwamba amejitoa, jambo ambalo halikuwa kweli. Alipata kura zipatazo 4,000 nchi nzima, na ubunge wa Tetu akaukosa pia. Mwaka 2002, alipoingia katika muungano wa NARC, wapiga kura walewale wa Tetu walimpa asilimia 98. Mgombea alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni chombo alichopanda.

Mwaka 2003, akiwa serikalini, majeshi ya Kenya yalianzisha mpango wa askari wa mazingira, wanajeshi wakashika miche na majembe. Kwa maoni yetu hiyo ni sehemu ya kazi yake isiyosemwa vya kutosha, pengine kwa sababu Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004 iliyafunika mengine yote.

Lakini tuzo haikumlinda dhidi ya hesabu za vyama. Mwaka 2007 alishindwa katika kura za mchujo Tetu, akasimama kwa chama chake cha Mazingira, akashindwa tena. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa, na ibada ikafanyika katika Bustani ya Uhuru.