Nywele za mbele zisivutwe

Mwandishi, hapo uliposema kwenye makala kuwa nywele za mbele za mtoto zivutwe nyuma na kubanwa kwa raba ili asisikie joto, sikubaliani kabisa. Huku Yanonge, kando ya mto Kongo na jirani ya ikweta, joto na unyevu ni vya mwaka mzima, si vya msimu tu, na watoto ninaowaona wamekatika nywele kwenye paji na panja ni hao hao wanaovutwa hivyo. Binti yangu namsuka kwa uzi mweusi: nagawa nywele za mbele mafungu manne, napaka mafuta kidogo ya kokwa za mchikichi, nazungusha uzi toka shinani bila kukaza, halafu nalaza yote upande mmoja. Uzi hunyoosha nywele bila moto, na kipaji kinapata hewa. Dada uliyeuliza kwenye maoni hapo juu kuhusu dawa ya kulainisha nywele, kwa mtoto usithubutu, inaunguza ngozi. Na jamani, mtoto akilia wakati wa kusukwa, fungueni mlegeze; vile vipele vidogo kwenye mashina ya nywele ni dalili kwamba mmekaza mno.