Uhakiki wa Vitabu Ulikuwa Teolojia Yenyewe

Charles Hodge, Mpresbiteri wa Princeton, hukumbukwa kwa juzuu zake nene za teolojia, lakini hizo zilianza kutoka mwaka 1871, uzeeni. Kazi iliyowaunda wasomaji wake ni jarida aliloanzisha mwaka 1825 na kulihariri kwa zaidi ya miaka 40, ambamo kitabu kipya kiliweza kupimwa kwa kurasa nyingi, hoja kwa hoja. Mwaka 1847 alipohakiki kitabu cha Horace Bushnell kuhusu malezi ya Kikristo, alikubali kwamba imani hukuzwa nyumbani, kisha akayakataa maelezo yaliyoipunguza kazi ya Roho. Huko ndiko kusoma kwa haki.

Watakuwapo wa kusema kwamba jarida lile lilikuwa silaha ya kambi moja, tena makala nyingi hazikuwa na jina la mwandishi. Ni kweli. Na liko baya zaidi: mwaka 1836, akikijibu kitabu cha William Ellery Channing kuhusu utumwa, Hodge alishikilia kwamba kumiliki watumwa si dhambi kwa asili yake. Elimu yote ile haikumwokoa. Lakini kwa kuwa alilazimika kuipanga hoja yake waziwazi, leo tunaweza kumhukumu kwa maneno yake mwenyewe, na kwa ukali anaostahili.