Ukimpenda, Usivuke Jiwe

Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe. Machi 2020 nilimnunia mume wangu, na nilimnunia kwelikweli. Alikuwa anasoma Sheffield, Uingereza, Korona ndiyo imeanza kushika kasi. Nikamwambia apande ndege arudi kabla mambo hayajaharibika. Akakataa. Jirani yake wa chumba alikuwa anakohoa, na hapa nyumbani tunaishi na mama mkwe, ambaye ana pumu. "Siwezi kumletea mama ugonjwa," akasema. Mimi nikasikia kitu kimoja tu: hataki kuja.

Alirudi baadaye salama, maisha yakaendelea, lakini lile neno lilibaki katikati yetu kama mwiba.

Mwaka jana alikuwa na shughuli ya siku chache chuoni kwake, nikamsindikiza. Jumapili moja akanipandisha basi bila kuniambia tunakwenda wapi. Tukashuka Eyam (wenyewe wanatamka "Iim"), kijiji cha Derbyshire kwenye vilima vya Peak District. Nyumba za mawe, maua, chai na keki, yaani pazuri! Ila mbele ya baadhi ya nyumba kuna vibao vyenye majina ya watu waliofia humo mwaka 1665 na 1666.

Ngoja nikupe kisa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1665 fundi wa nguo wa hapo aliletewa bunda la vitambaa kutoka London, kulikokuwa na tauni, na kwamba vitambaa vile vilikuwa na viroboto. Msaidizi wake, George Viccars, akafa Septemba. Wengine wakafuata. Juni 1666 mchungaji wa kijiji, William Mompesson, akishirikiana na Thomas Stanley aliyemtangulia, akawaomba wanakijiji jambo zito: asitoke mtu, asiingie mtu, ili ugonjwa usivuke kwenda kwa majirani. Wakakubali.

Ibada zikahamia bondeni, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Wafu walizikwa na ndugu zao wenyewe. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mume na watoto sita ndani ya siku nane. Chakula kililetwa mpakani, kingine kikitoka kwa tajiri mkubwa wa jirani, Earl wa Devonshire. Ugonjwa ulipokoma Novemba, hesabu inayotajwa sana ni watu 260.

Nje ya kijiji, kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton, kuna jiwe lenye matundu. Waliweka sarafu humo ndani ya siki, wakiamini siki inaua ugonjwa, na majirani wakaacha chakula. Tulisimama hapo. Hadithi ya kijiji inasema binti wa Eyam, Emmott Sydall, alikuwa na mchumba wake, Rowland Torre, wa kijiji cha pili. Walikuwa wanaonana kwa mbali tu, hakuna kushikana hata mkono, mpaka wakakubaliana asije tena. Emmott akafa. Rowland hakujua, na kijiji kilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kumtafuta.

Na Catherine, mke wa mchungaji? Alitaka waondoke wote. Mume akaona mahali pake ni pale. Wakakubaliana watoto wapelekwe mbali, naye akachagua kubaki na mumewe. Akafa Agosti 1666, siku chache kabla kijiji hakijaanza kutulia. Kaburi lake liko pale kanisani, na kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu hukusanyika kuwakumbuka wote.

Nikamuuliza mume wangu, "Ulipajuaje huku?"

"Nilikuja peke yangu ule mwaka, walipoturuhusu kutembea. Ulikuwa hupokei simu zangu."

Jamani! Nilikosa la kusema. Nikamwomba msamaha hapo hapo, kando ya jiwe.

Lakini naye nilimwambia ukweli wake, na nawe nakuambia. Rowland na Emmott walikubaliana. Mchungaji na Catherine walibishana, kisha wakakubaliana. Kijiji kizima kilikubaliana. Sisi hatukukubaliana: yeye aliniarifu, mimi nikanuna. Umbali peke yake haukutuumiza. Kilichotuumiza ni kwamba kila mmoja aliubeba kivyake.

Kwa hiyo kama mwenzi wako yuko mbali, iwe kwa kazi, masomo au kuuguza mzazi, usikimbilie kusema hapendi. Muulize anamlinda nani. Na wewe uliye mbali, usitangaze uamuzi kama mkuu wa wilaya. Kaeni chini, hata kwa simu, muamue wawili.

Mama mkwe yuko salama. Jana kaniuliza mbona siku hizi tunacheka sana. Nimemwambia ni habari ndefu.

Tukutane mwezi ujao.