Ada ya Boti na Usafi wa Bandari: Lini ni Ujira, Lini ni Dhuluma?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Allah Subhanahu wa Taala, aliyeitiisha bahari ili tupate riziki kutoka humo na vyombo vipite juu yake kwa idhini yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja ambaye mumewe ana boti ya abiria katika visiwa vya Lamu. Anauliza: serikali ikiweka ada kwa kila chombo kinachofunga gatini, na ikasema kuwa fedha hizo ni za kutengeneza gati na kusafisha maji, je, ni wajibu wa mumewe kuilipa, au hiyo ndiyo maks aliyoikemea Mtume (S.A.W.)? Akaongeza maneno mawili yaliyotugusa. La kwanza, kila shilingi inayotolewa gatini ni shilingi iliyotoka jikoni kwake. La pili, mwanawe mdogo huogelea kando ya gati hilo hilo, na mara kwa mara hurudi nyumbani na vipele mwilini.

Mama huyu ametaja haki mbili: haki ya nyumba yake isidhulumiwe, na haki ya mwanawe apate maji safi. Hatuwezi kujibu moja tukaiacha nyingine.

Tuanze na bandari yenyewe. Mji wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, uko kisiwani. Atokaye bara hushukia Mokowe akavuka kwa boti. Ajaye kwa ndege hutua Manda akavuka kwa boti. Mgonjwa wa Faza au Siyu anayetakiwa hospitali ya Lamu hupakiwa botini, na mama mwenye uchungu wa kuzaa njia yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo gati kwetu ndiyo barabara. Ngazi yake ikiota ukoga, bibi mzee huteleza. Taa yake ikizimika, abiria wa usiku hukanyaga hewa. Mkondo ukijaa mchanga na tope, kama ilivyokuwa kwa Mkanda baina ya Manda na bara, boti za kwenda Pate husubiri maji yajae, na mgonjwa husubiri pamoja nazo.

Kazi hizi zote zina gharama: kuparuza ngazi, kubadilisha mbao na matairi ya kukinga vyombo, kuweka taa, kuzoa mchanga. Na usafi wa maji nao una gharama yake. Chombo cha injini humwaga uchafu wa namna nyingi. Kuna oili chafu inayotolewa wakati wa kutengeneza injini. Kuna maji ya ngamani yaliyochanganyika na mafuta. Kuna injini zile ambazo oili huchanganywa na petroli, na sehemu ya mchanganyiko huo hutoka bila kuungua ikaingia majini. Kuna choo cha chombo, na kuna chupa na mifuko ya abiria. Mafuta yakifika kwenye mikoko huziba ile mizizi inayochomoza juu ya tope ili mti upate hewa, na mikoko ndiyo malezi ya samaki wachanga na kamba. Chaza na kome hujilisha kwa kuchuja maji, basi maji yakiwa na vijidudu vya kinyesi, vijidudu hivyo hukusanyika ndani yao na kufika mezani kwetu. Dawa ya mambo haya si ya siri: mapipa ya kukusanyia oili gatini, vyoo vya abiria na mabaharia, wazoaji taka, na kupimwa kwa maji mara kwa mara ili ijulikane kama yanafaa watoto kuogelea.

Sasa tuje kwenye hukumu. Maks, kama wanavyoieleza wanazuoni, ni mali inayotozwa watu bila haki, njiani, sokoni au bandarini, na mwenye kutozwa hapati kitu badala yake. Uzito wa dhambi hiyo unaonekana katika hadithi iliyopokewa na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alitaka kueleza ukubwa wa toba ya mwanamke mmoja, akasema ni toba ambayo lau mtoza maks angetubia mfano wake angesamehewa. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, akaihesabu maks miongoni mwa maasia mabaya kabisa. Ndiyo sababu mama yetu ana haki ya kuogopa.

Lakini si kila kinachotozwa ni maks. Ukimlipa fundi akakushonea nguo, huo ni ujira, na kumnyima ndiyo dhuluma. Ikiwa gati linajengwa, linawashwa taa na kusafishwa, na wewe unafunga chombo chako hapo kila siku ukapata riziki, basi kuchangia gharama yake ni katika ujira. Kanuni ya fiqhi inasema kuwa apataye faida ndiye abebaye gharama yake. Kwa hivyo jina la ada halituelezi hukumu yake. Tunalazimika kutazama mambo matatu.

La kwanza: je, fedha inarudi kule ilikotoka? Hapa kuna funzo kutoka Marekani. Mwaka 1986 nchi hiyo iliweka tozo ya kutunza bandari, inayohesabiwa kwa thamani ya shehena. Baadaye ikafika senti 12.5 kwa kila dola 100 za thamani ya mzigo. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliifuta tozo hiyo kwa mizigo inayouzwa nje. Katiba yao inakataza kodi juu ya bidhaa zinazouzwa nje, na mahakama iliona kuwa tozo inayofuata thamani ya mzigo, bila kutazama huduma ambayo chombo kimepata bandarini, ni kodi na wala si malipo ya huduma. Zaidi ya hapo, mabilioni ya dola yaliyokusanywa yalirundikana katika vitabu vya serikali kwa miaka mingi, ilhali baadhi ya bandari zilikuwa zikilia kuzolewa tope. Waamuzi hao hawakusoma vitabu vyetu vya fiqhi, lakini waliliuliza swali lile lile: umetoza kwa huduma gani?

Kwetu Kenya, jambo hili lina mahali pake katika sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kutoza malipo kwa huduma zinazotoa, na Kifungu cha 210 kinakataza kodi yoyote au ada ya leseni isiyowekwa na sheria. Ila Kifungu cha 207 kinaelekeza mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya kaunti, isipokuwa yale yaliyotengwa kwa mujibu wa sheria. Maana yake, ada ya boti ikiingia katika chungu kimoja na ada za soko na za maegesho, hakuna kinachoilazimisha kurudi gatini. Njia ya kuifunga ipo: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya bunge la kaunti. Sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa maana ya mfuko wa namna hiyo. Shamba likiwekwa wakfu kwa taa za msikiti, mnazi wake hauuzwi kwa kulipia harusi. Sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa. Ada ya bandari nayo ifungwe kwa bandari.

La pili: je, ada inatazama uwezo wa mlipaji? Katika Suratul Kahf tunasoma habari ya merikebu ambayo Khidhr aliitoboa, na sababu yake ni kuwa ilikuwa ya masikini wafanyao kazi baharini, na mbele yao palikuwa na mfalme anayeteka kila merikebu kwa nguvu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walichukua hoja kutoka aya hii kwamba mtu anaweza kumiliki chombo na bado akahesabiwa masikini. Basi asije mtu akasema kuwa kila mwenye chombo ni tajiri.

Tupige hesabu ya mfano. Boti ichukue abiria 10 na iende safari 6 kwa siku. Ada ikiwa shilingi 100 kwa siku, kila abiria amebeba chini ya shilingi 2. Jambo hilo linabebeka. Lakini mvuvi wa mtumbwi au dau la tanga, aliyerudi leo bila samaki, akitozwa shilingi 100 hizo hizo, ametozwa unga wa watoto wake. Naye hana injini ya kumwaga oili, wala hachukui nafasi kubwa gatini. Uadilifu ni kuwa boti za kitalii na vyombo vikubwa vya mizigo vilipe zaidi, boti za abiria zilipe kiasi, na mtumbwi wa mvuvi usamehewe au ulipe kidogo sana.

La tatu: je, hesabu iko wazi? Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma. Amana isiyosomwa hesabu huzaa dhana mbaya, na dhana mbaya huzaa wenye kukwepa. Ubandikwe ubao gatini, kwa Kiswahili kinachosomeka, ueleze kila mwezi: zimekusanywa kiasi gani, zimetumika kwa nini, na maji yamepimwa yakaonekana vipi. Na kila mlipaji apewe risiti. Fedha inayopokewa mkononi bila risiti haijulikani inakwenda mfuko gani.

Hapa pana jambo ambalo ni lazima lisemwe kwa uadilifu. Uchafu wote wa bandari hautoki kwenye vyombo. Mifereji ya mitaani humwaga maji machafu baharini, na taka za majumbani huteremka na mvua hadi ufuoni. Nahodha akitozwa ili asafishe uchafu wa jikoni kwetu, huko ni kumbebesha mtu mzigo wa mwenziwe, na Qur'ani imetukataza jambo hilo. Vyombo vilipe kwa gati na kwa uchafu wa vyombo. Mji na mahoteli yagharimie mifereji yao. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na haki hiyo haisubiri kununuliwa na mwenye boti peke yake.

Wala asidhani mwenye chombo kwamba kama ada haijawekwa basi yuko huru kumwaga apendavyo. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya dhidi ya kujisaidia mahali watu wanapoteka maji, njiani na kivulini. Pia alitupigia mfano, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.), wa watu waliogawana merikebu, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Anayemwaga oili gatini naye husema kuwa hiyo ni sehemu yake, lakini maji hayana ukuta.

Na nyinyi mama zangu, mna nafasi katika jambo hili kuliko mnavyodhani. Ada za kaunti hupangwa kila mwaka katika mswada wa fedha, na wananchi hualikwa kutoa maoni kabla haujapitishwa. Mara nyingi vikao hivyo hujaa wanaume, ilhali wanaopanda boti na watoto mgongoni, wanaonunua samaki dikoni na wanaowaogesha watoto wenye vipele ni nyinyi. Mama karanga wajiunge na BMU za madiko yao, na wahudhurie mikutano yake badala ya kungoja kuletewa habari. Mkifika, ulizeni maswali yale matatu: fedha itarudi gatini? Masikini ametazamwa? Hesabu tutaiona wapi? Anayeuliza hivyo anaamrisha mema, wala hajavunja adabu yake.

Nikirudi kwa mama aliyeuliza: ada iliyowekwa kwa sheria, kwa kiasi cha uadilifu, ikarudi katika gati na maji, mumeo ailipe kwa moyo safi, na akinuia kuondoa udhia katika njia ya Waislamu, tunatarajia apate thawabu. Ikiwa imepungua sharti katika hizo, asiikwepe kwa hongo wala uongo, kwani hongo ni haramu juu ya dhuluma. Bali adai haki yake kwa njia ya sheria, pamoja na wenziwe. Dhambi ya kilichochukuliwa bila haki iko juu ya aliyekichukua. Na mwanao, mzuie kuogelea karibu na gati, hasa baada ya mvua, mpaka maji yapimwe, na vipele vikizidi mpeleke akaonwe na daktari.

Tunamuomba Allah atupe viongozi waaminifu, azijaalie bahari zetu kuwa safi na zenye baraka, na awarudishe salama majumbani mwao wote walio safarini baharini. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.